Mambo ya kufanya kabla ya kufa: je, Mkristo anaruhusiwa kuwa na orodha?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Muyama. Kwa wasiopajua, Muyama ni huku juu vilimani Kigoma, wilaya ya Buhigwe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kasulu. Ni kwetu kwenye migomba, maharage na kahawa, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Kigoma mjini akija lazima aazime sweta. Jumapili moja baada ya Misa, vijana wa VIWAWA wakaniomba niwape mada. Frateri akiwa likizo si mnajua, kila kikundi kinadhani anatembea na mada mfukoni. Siku hiyo mimi sikuwa na kitu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja anayesoma chuo. Akasema kila mmoja achukue karatasi, aandike mambo 10 ambayo angependa kuyafanya kabla ya kufa. "Ila yawe ya kufurahisha," akaongeza, "siyo yale ya kujenga nyumba na kununua gari." Huko chuoni wanaiita baketi listi.

Tukaandika. Tulipoanza kusoma, jamani, tulicheka mpaka watoto wa Utoto Mtakatifu wakaja kuchungulia. Mmoja anataka kupanda ndege, akae dirishani, na asisinzie hata dakika moja. Mwingine anataka kula kuku mzima peke yake bila mtu kumwomba paja. Mwingine anataka kuiona mechi ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Mkapa. Kuna aliyetaka kugusa theluji ya Kilimanjaro ahakikishe kama kweli inaunguza. Mwanakwaya mmoja akaandika kwamba anataka kuimba zaburi ya wimbo wa katikati bila magoti kutetemeka. Na binti mdogo kuliko wote, kidato cha pili, aliandika hivi: "Nishinde siku nzima bila kutumwa na mtu yeyote." Huyo alipigiwa makofi.

Katekista wetu alikuwa anafunga sakristia. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Vizuri sana. Na ya baada ya kufa mmeyaandika wapi?"

Kimya. Yule dada wa chuo akajikaza: "Sasa Katekista, kutamani kupanda ndege nako ni dhambi?"

Katekista akanigeukia. "Frateri amesoma falsafa. Atujibu."

Nilijibu, lakini nilijibu ovyo. Nilipanga maneno makubwa, watu wakatikisa vichwa kwa heshima, tukasali tukaondoka. Tangu siku hiyo swali halijaniacha, na nitawaambia sababu, maana mwenzenu ninayo orodha pia, na orodha hiyo imenihukumu. Hili ninaloandika leo ni jibu langu la pili.

Kwanza, ndoo inatoka wapi?

Baketi ni ndoo. Katika Kiingereza cha mitaani mtu akifa husemwa amepiga teke ndoo. Mwaka 2007 ikatoka sinema ya Marekani yenye jina hilo la orodha ya ndoo, ambayo Jack Nicholson na Morgan Freeman waliigiza kama wazee wawili wagonjwa wa kansa wanaoamua kuzunguka dunia kabla hawajafa. Jina likaenea kutokea hapo. Siku hizi hata kijana wa miaka 17 mwenye afya tele anayo orodha.

Kwetu Muyama ndoo ni ya maji. Unaiweka kichwani, unapandisha nayo kilima, na ikiwa na tundu unafika nyumbani na nusu. Nimetaja tundu kwa makusudi. Kuna kitabu cha Plato kinaitwa Gorgia. Humo Sokrate anabishana na mtu anayeamini kwamba maisha mazuri ni kuwa na tamaa nyingi iwezekanavyo na kuzishibisha zote. Sokrate anamjibu kwa mfano wa mitungi. Mtu mwenye kiasi ana mitungi mizima, akishaijaza anapumzika. Yule mwingine ana mitungi iliyotoboka, inambidi ajaze usiku na mchana, na akiacha kidogo anateseka. Mpinzani wake anashikilia kwamba raha yenyewe iko katika kule kumimina.

Nikitazama simu yangu naona yule mpinzani ana wafuasi wengi. Mtu amefika Zanzibar, hajakausha hata miguu, anauliza safari ijayo ni wapi. Amepiga picha 200 na hana hata moja anayoweza kukusimulia. Hapo tatizo ni chombo, kwa sababu hata ukimimina bahari nzima, ndoo yenye tundu haijai.

Je, basi Katekista alikuwa sahihi kutushtua? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini tusikimbilie kuhukumu.

Kufurahi si dhambi

Baadhi yetu tumelelewa kwa imani ya kununa. Tunadhani Mungu akimwona kijana anacheka sana anaanza kutafuta fimbo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna anayeweza kumwita mwalimu mwepesi, aliuliza swali hilihili katika Summa yake: je, katika michezo na utani inaweza kuwepo fadhila? Akajibu kwamba inaweza. Akachukua neno la Aristotle, eutrapelia, yaani uzuri wa mtu anayejua kucheza na kutania kwa kiasi na kwa wakati wake. Tena akaongeza kwamba mtu asiyefurahi na wenzake hata kidogo, anayewaharibia wengine furaha yao, naye ana kosa.

Humo anasimulia kisa cha zamani juu ya Mtume Yohane. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake wakachukizwa. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga. Apige tena. Akapiga. Kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akasema upinde utavunjika. Yohane akasema ndivyo ilivyo roho ya binadamu isipolegezwa.

Kwa hiyo kuku wako mzima, kula. Zaburi ya wimbo wa katikati, iimbe. Mungu aliyemtengeneza sokwe na theluji na Ziwa Tanganyika hakuvitengeneza ili watoto wake wapite wameinamisha vichwa.

Watakatifu wenyewe walikuwa na hamu. Tarehe 7 Septemba 2025, Papa Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili kwa siku moja, Carlo Acutis na Pier Giorgio Frassati. Huyu Frassati, Mwitaliano wa Torino, alikuwa kichaa wa milima. Alipanda, akateleza kwenye theluji, akawa na kundi la marafiki waliopenda utani kupindukia. Alikufa kwa polio tarehe 4 Julai 1925, miaka 24, hajamaliza hata masomo yake ya uhandisi wa madini. Ukihesabu kwa mtindo wa orodha, mengi yalibaki bila alama ya vema.

Lakini jioni ya kuamkia kifo chake, mkono ukiwa karibu umepooza wote, aliandika kikaratasi kwa tabu. Kilihusu dawa za sindano za maskini mmoja mgonjwa aliyekuwa anamhudumia, kwamba zisisahaulike. Mambo aliyoyapenda hayakuwa yamemfunga ndani yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti.

Tajiri aliyepanga peke yake

Fungueni Luka 12, kuanzia mstari wa 16. Mnamjua yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Miaka yote nilidhani kosa lake ni kupanga. Mwaka wa pili wa falsafa, profesa mmoja alitusomesha namna ya kutazama nafsi katika sentensi, nikarudi kwenye mfano ule na jicho jipya. Yule mtu anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anaiahidi nafsi yake mwenyewe. Katika mpango wake wote hakuna mtu mwingine. Hakuna mke, jirani, kibarua aliyevuna, wala Mungu aliyeleta mvua. Anakula peke yake, anakunywa peke yake, na usiku ule anakufa peke yake.

Nilipoufikia mfano huo nikaenda kuchukua daftari langu. Nililiandika nikiwa kidato cha nne, mambo 12, kwa kalamu nyekundu kabisa. Naomba niyataje machache bila aibu. La kwanza, kufika Gombe kuona sokwe. La pili, kupanda treni ya Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, reli iliyofika kwetu mwaka 1914 enzi za Wajerumani. La tano, kupanda Kilimanjaro, mita 5,895. La nane, kuwa na watoto wanne, wa kwanza aitwe jina la babu. Na la 11, karibu na mwisho kabisa, kumpeleka Bibi kuliona ziwa.

Niwaeleze hilo la 11.

Bibi na ziwa

Bibi yangu mzaa mama amezaliwa huku juu, ameolewa huku juu, amelea watoto saba huku juu. Ziwa Tanganyika liko chini kule, safari isiyofika hata siku moja. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona. Yeye alikuwa hajawahi. Dagaa wake amewala maisha yake yote. Alipenda kutania akiwachagua mchanga kwenye ungo: "Hawa kila siku wanakuja kwangu, mimi sijaenda kwao hata kuwasalimia."

Nikiwa kidato cha nne nikamwambia, "Bibi, nitakupeleka." Akacheka, akasema sawa, asije akafa kwanza. Nikaandika namba 11.

Miaka ikapita. Nilipokuwa nafundisha tuisheni wakati wa likizo moja, nikapata fedha kidogo, na wenzangu watatu wakawa wanapanga safari ya Gombe. Namba moja yangu! Nikahesabu. Fedha ilitosha safari moja. Nikajiambia Bibi yupo, ziwa lipo, mwakani tutaenda.

Nikaenda Gombe. Sitawadanganya, ilikuwa furaha kubwa. Pale ndipo alipofika Jane Goodall tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, bila shahada, akiongozana na mama yake. Tangu utotoni Uingereza alikuwa ametamani kuishi Afrika na wanyama, akafanya kazi ya kuhudumia mezani apate nauli ya meli. Nilisimama msituni nikimtazama sokwe mama anamtoa mwanawe majani kichwani, nikasikia machozi. Nikapiga picha nyingi. Nikaziweka mtandaoni hata kabla boti haijatufikisha Kibirizi.

Niliporudi Muyama Bibi akanikaribisha na swali: "Ziwa likoje?"

Nikampa simu aone. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza zaidi, akaigeuza. Kisha akanirudishia taratibu. "Naona weupe," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula macho polepole, na kinachopotea hakirudi. Tulipompeleka kwa wataalamu jicho moja lilikuwa limekwisha kabisa na la pili lilikuwa linafuata. Yeye alikuwa amenyamaza muda wote, akidhani ni uzee tu.

Vijana wenzangu, nilikuwa na orodha nzuri. Yote yaliyokuwamo yalikuwa halali. Hakuna hata moja ambalo lingenipeleka kuungama. Lakini mpangilio wake ulikuwa dhambi yangu. Namba moja mpaka kumi nilikuwa mimi, Bibi alikuwa namba 11. Nilimfanya yeye kuwa kitu kinachoweza kusubiri, na sokwe kuwa kitu kisichoweza.

Kuchagua ni kuacha pia

Kuna jambo ambalo orodha inatuficha. Inatufanya tuone maisha kama kujumlisha: hili, halafu lile, halafu lile. Lakini mwanadamu ana mwili mmoja na siku 365 kwa mwaka. Kila ndiyo inabeba hapana ndani yake. Nikisema ndiyo kwa Gombe, kwa fedha ile nimesema hapana kwa Bibi. Nikisema ndiyo kwa Daraja Takatifu, na Mungu akipenda siku moja nitasema, namba nane yangu, wale watoto wanne na jina la babu, inabaki kwenye daftari. Siwezi kusema haiumi. Jumapili nikimwona rafiki niliyesoma naye amembeba binti yake wakati wa Komunyo, inauma. Wewe utakayeoa nawe utaacha mengi, waulize wazazi wako kama wamewahi kufika walikotaka.

Kwa hiyo swali la maadili si "je, nina ndoto za kufurahisha?" Ni hili: nani analipia ndoto zangu, na nani amewekwa foleni nyuma yao?

Mara nyingi nafikiri juu ya mtu mmoja wa ziwa hilihili, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860. Akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mpaka alipokombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa ziwa letu, akiwa katekista na daktari. Akabaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 65! Kuna hospitali Sumbawanga inayoitwa kwa jina lake. Mtu huyu hakuchagua kutekwa, na hakuna mtoto wa Timbuktu aliyewahi kuota Karema. Maisha yalimwandikia orodha bila kumuuliza. Alichokifanya yeye ni kuwapenda watu aliowakuta mwishoni mwa safari ambayo hakuipanga.

Na tusisahau walio karibu zaidi. Hapo Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, tangu mwaka 1996. Kuna vijana wa umri wetu waliozaliwa humo. Waambie waandike mambo 10 ya kufanya kabla ya kufa, utashangaa ni mangapi kati ya hayo wewe uliyafanya jana bila hata kushukuru: kuonja maji ya kisima cha kijiji cha babu, kupanda basi kwenda mji wowote.

Hata Goodall mwenyewe, ukitazama vizuri, hakubaki na namba moja yake. Alilipata pori aliloliota, kisha miaka ya 1980 akaanza kuliacha ili azunguke dunia akiwatetea sokwe na misitu. Mwaka 1991 akakaa na wanafunzi 12 hapahapa Tanzania, ndipo ikaanza Roots & Shoots, mtandao wa vijana ambao leo uko nchi nyingi. Aliendelea kusafiri mpaka alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Ndoto ya binti mdogo ilikuwa nzuri, na ilizaa alipoanza kuigawa.

Mzee mwenye jambo moja

Katekista aliuliza ya baada ya kufa yako wapi. Namjibu kwa wazee wawili wa Biblia.

Wa kwanza ni Musa. Miaka 40 jangwani, jambo moja tu moyoni, kuingia nchi ya ahadi. Kumbukumbu la Torati 34 inasema Mungu alimpandisha mlimani, akamwonyesha nchi yote kwa macho, na akafa hapo bila kuvuka. Ukipenda kuhesabu alama za vema, Musa alishindwa. Lakini Kanisa halijawahi kumwona hivyo. Yeye aliifikisha Israeli mpaka mlangoni pa nchi ile, na aliyemzika ni Mungu.

Wa pili ni Simeoni, Luka 2. Orodha yake ilikuwa na jambo moja, asife kabla hajamwona Masiha. Hakupewa mji wa kuona wala mlima wa kupanda. Alipewa mtoto mchanga wa maskini mikononi, dakika chache, kisha akamrudishia mama yake. Na akasema sasa yuko tayari kuondoka. Nadhani hiyo ndiyo ndoo isiyo na tundu. Tomaso wa Akwino alipouliza furaha kamili ya mwanadamu iko wapi, alipita kimoja kimoja: mali, heshima, sifa, madaraka, afya, raha. Akafika mwisho akasema hakuna kilichoumbwa kinachoweza kuijaza hamu yetu, ila Mungu peke yake. Hakusema vitu hivyo ni vibaya. Alisema ni vidogo kuliko sisi.

Kumbe aliye na lile jambo moja anaweza kuyafurahia mengine 10 bila kuyadai yampe asichoweza kupewa nayo. Ndege itakuwa ndege tu, nzuri kabisa. Na akifa namba tatu ikiwa haijatimizwa, hajapoteza maisha.

Tulikwenda

Mwezi wa saba nilimwambia Bibi twende. Akasema, "Kufanya nini sasa, na mimi sioni?" Nikasema, "Kuwasalimia dagaa." Akacheka. Tukatoka alfajiri kwa bodaboda hadi kwenye lami, mimi nyuma yake nimemshika kama mzigo wa mayai, kisha tukapanda basi dogo. Njia nzima alikuwa ananiuliza tuko wapi.

Kibirizi tulifika karibu saa tano. Nilimvua kandambili, nikamshika mkono, tukaingia mpaka maji yakafika juu ya vifundo. Wimbi dogo likaja akashtuka, akanibana mkono. Likarudi. Likaja tena. Akasimama hivyo muda mrefu bila kusema kitu, na wavuvi wakawa wanatutazama. Kisha akainama, akachota kwa kiganja, akanawa uso, mpaka macho. Akauliza ng'ambo ni Kongo kweli? Nikasema ndiyo, Bibi, leo milima yao inaonekana. Akasema, "Niambie ikoje."

Nikamwambia. Nadhani ni mara ya kwanza mimi mwenyewe kuitazama ile milima. Siku ya Gombe niliipiga picha tu.

Nisiwafiche, hiyo haikufuta kosa langu. Bibi aliligusa ziwa, hakuliona, na angeliona kama ningekwenda mwaka ule. Nililipeleka jambo hilo kitubioni, na toba niliyopewa nimeitimiza. Lakini sikuchukua kalamu nyekundu kuiwekea namba 11 alama ya vema. Sikuona kama naistahili, nikaiacha wazi.

Jibu langu kwa Katekista

Ndiyo, andika orodha. Andika na ya kuchekesha, utani ni zawadi ya Mungu. Ila ukimaliza, pitisha kila jambo kwenye maswali matatu. Moja, ningelifanya hata kama nisingeruhusiwa kumwonyesha mtu picha? Mbili, kuna nani ndani yake zaidi yangu, na nani anasubiri nyuma yake? Tatu, nikifa kabla sijalifanya, nitaweza bado kusema asante? Likishindwa swali la tatu, jua umelifanya mungu.

Yangu ya sasa nimeiandika upya, fupi. Kwenda kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni, kwenye mji wa Mashahidi wa Uganda, na kwenda na mtu ambaye peke yake asingeweza kufika. Kupanda ile treni nikiwa na wadogo zangu wawili, madirisha kwa zamu. Kuandika kwenye daftari hadithi zote za Kiha anazozijua Bibi, kabla hazijaenda naye. Kushinda siku nzima kijijini nikitumwa na kila mtu bila kununa, ili yule binti wa kidato cha pili apate siku yake ya kutotumwa. Na juu kabisa, jambo la Simeoni.

Kilimanjaro nimeliacha chini kabisa. Bado nalitaka, jamani. Yakobo 4 inatufundisha kusema Bwana akipenda, basi Bwana akipenda.

Wiki hii chukua karatasi. Kabla ya kuandika namba moja, jiulize ni nani nyumbani kwenu ambaye amekuwa namba 11 kwa muda mrefu. Mpigie simu leo, usingoje mwakani. Kisha mniombee nami, na mumwombee Bibi.

Ee Bwana, utufundishe kutamani vizuri. Amina.